Malkia wa sisimizi mpe pupa, usimpe wafanyakazi wa nje

Malkia wangu wa Camponotus, aina ya sisimizi ninaowafuga kwenye kichupa kilichozibwa kwa pamba, alikuwa na wafanyakazi 4 tu, wale wa kwanza wanaotoka wadogo kwa sababu mama anawalea kwa akiba ya mwili wake, mafuta na misuli ya mabawa, hali chochote tangu amejifungia. Mmoja akafa, wakabaki 3. Roho ikaniuma. Nikawaza, nje si wapo kibao wa aina hiyohiyo, nichukue hata 6 wakamsaidie kulea mabuu. Nikawachukua na brashi laini, nikachomoa pamba, nikawaingiza.

Hata dakika haikuisha. Wa kwangu mmoja akamgusa mgeni kwa vipapasio, akaganda, akarudi nyuma taya zikiwa wazi, afu wakavaana. Wageni wawili wakamkamata miguu mmoja huku mwingine kule wakamvuta mpaka akanyooka, wa tatu akaja akakunja tumbo akampulizia asidi. Malkia kakimbilia mwisho wa kichupa na mayai mdomoni. Mpaka nawatoa wale wageni, mikono inatetemeka, wawili wangu wameshakufa na malkia kakatwa kipande cha kipapasio, kile cha kushoto ni kifupi mpaka leo.

Shida ni harufu jamani. Ngozi ya sisimizi imepakwa haidrokaboni, kemikali kama nta, na kila kundi lina mchanganyiko wake, wanaambukizana kwa kulambana na kulishana mdomo kwa mdomo mpaka wote wananuka nyumba moja. Kwa hiyo wa aina ileile kutoka kichuguu cha jirani ni adui kabisa. Wapo wa tofauti, mfano Linepithema humile, yaani sisimizi wa Argentina, walioenea Ulaya ya kusini zaidi ya kilomita 6,000 kutoka Italia mpaka pwani ya Atlantiki ya Hispania na viota vyao havipigani, ila wengi wetu hatufugi hao. Na ile ya kuwaweka kwenye friji kwanza ndo uwachanganye siiamini, baridi inawapunguza kasi tu, harufu iko palepale, wakipata joto kinawaka.

Pupa, yaani buu aliyetulia akigeuka kuwa sisimizi kamili, ni habari nyingine. Bado hana harufu ya kwao ya kutosha kumfanya adui, na akitoka anakuwa mweupe mweupe, laini, anaipata harufu ya pale alipozaliwa na hapo ndo kwao. Sisimizi wavamizi wanaoitwa Polyergus wanaishi hivyo maisha yao yote, wanavamia viota vya sisimizi wengine, Formica, wanaiba pupa, wakitoka wanawafanyia kazi bila kujua kama wameibwa.

Pupa wa Camponotus yuko ndani ya kifukofuko, vile vitu virefu vya rangi ya maziwa ya chai ambavyo watu wakiinua jiwe wanasema mayai, yai lenyewe ni dogo mno. Chukua wachache wa aina ileile, hakikisha hakuna mfanyakazi aliyeng'ang'ania, angalia na utitiri, afu rudisha jiwe kama lilivyokuwa, tafadhali, wale nao wana malkia wao. Usimwage pupa 30 kwa mfanyakazi mmoja, maana kifukofuko kinatakiwa kichanwe kwa nje na mtoto asaidiwe kutoka, wakizidi wanafia humo.

Mi niliweka 5, mbali kidogo na malkia, nikafunika kitambaa cheusi. Yule mfanyakazi aliyebaki alizunguka kifukofuko cha kwanza muda mrefu sana, anagusa anaacha, anagusa anaacha, mwisho akakibeba akakilaza pembeni ya mayai. Siku ya 9 nikakuta kimechanika na kuna mmoja rangi ya asali, miguu haijakaza, anayumba, na malkia mwenyewe kainama anamlisha. Wakatoka 4 kati ya 5. Sa hivi wako 23, na mabuu ni yake mwenyewe.