Safari ya Chantilly, kwa Catherine na Wanawe

Dereva aliyenichukua kutoka stesheni ya Chantilly alinitoza euro 25 kwa mwendo wa kilomita mbili na kidogo. Nilikuwa nimesimama na begi la kamera begani, manyunyu yanaanguka, naye akanihakikishia kwamba Jumamosi hakuna usafiri mwingine wa kwenda kasri. Nashuka langoni, naona basi dogo la mji linashusha watu. Mama mmoja aliyekuwa na kigari cha mtoto akaniambia basi hilo ni la bure na linapita pale pale stesheni. Bure! Euro 25 ni karibu shilingi elfu nne za kwetu. Kwa pesa hizo napanda basi Mombasa hadi Nairobi na kurudi. Hata treni iliyonitoa Gare du Nord, stesheni ya Paris, safari ya dakika 25 hivi, haikufika nusu ya nauli ya yule bwana. Niliingia kasri nimenuna.

Mimi ni mpiga picha wa arusi, hasa upande wa wanawake. Ufaransa nilikuwa nimeitwa na familia ya Kikomoro inayokaa Saint-Denis, binti yao anaolewa. Mambo ya arusi ni ya wenyewe, siyaandiki hapa. Kabla ya siku ya ndege nilipata Jumamosi yangu peke yangu, na wenyeji wangu walinishauri niende kasri la Versailles kwa ajili ya malkia Marie Antoinette. Nikawaambia hapana, miaka mingi nina hamu na watu wengine kabisa: Catherine de Medici, malkia wa Ufaransa wa karne ya 16, watoto wake, na wanawake wa ukoo ule, jinsi walivyochorwa na Jean Clouet na mwanawe François. Baba alifariki karibu 1540, mwana 1572, na wote wawili walikuwa wachoraji wa mfalme. Mkusanyiko mkubwa kabisa wa michoro yao uko Chantilly, zaidi ya 300. Mtu wa kazi yangu asiitazame?

Kasri lenyewe ni zuri, limezungukwa na maji, na lilijengwa upya karne ya 19 na Duke wa Aumale, mtoto wa mfalme Louis-Philippe, baada ya lile la zamani kubomolewa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Ndani kuna kazi za Raphael, mchoraji mashuhuri wa Italia, kuna picha zimepangwa kutoka kiunoni hadi darini. Nilizipita mbio. Nikamwendea mwangalizi wa chumba, mama wa makamo mwenye miwani, nikamuuliza michoro ya Clouet iko wapi.

“Haiko ukutani, Madame.”

Nilidhani hajanielewa. Nikarudia, nikamwonyesha kwenye simu. Akasema anaijua, iko humu humu, imefungwa kwenye makasha gizani. Hutolewa mara moja moja kwa maonyesho ya miezi michache, kisha hurudishwa kupumzika.

Jamani. Nimelipa treni, nimelipa dereva, nimelipa kiingilio, na nilichokijia kimo sandukuni! Nilimwambia waziwazi kwamba nimeumia, kwamba nimetoka Afrika Mashariki, na kwamba jambo hilo lilifaa kubandikwa mlangoni kwa herufi kubwa. Hakunikatiza. Halafu akaniuliza kwa upole kazi yangu ni nini, nikamwambia, naye akasema, “Basi mwanga unaujua kuliko mimi.”

Hapo nilinyamaza, maana ni kweli. Karatasi ya miaka 450 iliyochorwa kwa chaki nyekundu na nyeusi haistahimili jua. Makumbusho huiwekea kama luksi 50 tu (luksi ni kipimo cha mwanga), mwanga hafifu ambao mimi nisingethubutu kumpigia bibi arusi ndani yake bila kuinua ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, mpaka picha ifanye chembechembe. Kila saa inayokaa nje, karatasi inageuka rangi kidogo, na ikishageuka hairudi.

Huyu mama akanipeleka mwenyewe kwenye chumba kidogo cha pembeni. Kuta zake zimejaa nyuso, zimechorwa kwa rangi ya mafuta kwenye vibao vidogo, vingine havizidi sana kiganja. Hizi ni picha za akina Clouet na wenzao wa karne ya 16, na hizi haziogopi mwanga kama karatasi. Nilikaa mle chumbani mpaka miguu ikauma, na hakuna hata kiti. Wanaotoza kiingilio kile wangeweka japo benchi moja.

Niliyemtazama zaidi ni Marguerite, binti wa mwisho wa Catherine kukua, aliyezaliwa 1553. Amechorwa akiwa na umri wa miaka saba hivi. Kichwa kimegeuzwa robo, macho yamerudi kwa mchoraji, midomo imefumba kama mtoto aliyeambiwa atulie na ametii lakini hajapenda. Sura hiyo naijua. Kila Jumamosi naipata kwa wasimamizi wadogo wa maarusi. Mwanga wa François Clouet umetoka mbele, umelainika, hakuna kivuli kizito chini ya pua wala kidevu. Nyuma yake hakuna pazia, bustani wala nguzo. Ni uso tu.

Mama wa miwani aliporudi kutoka zamu alikuwa na kitabu kikubwa cha duka lao chenye nakala za michoro. Tukakifungua pale pale. Ndipo nilipoona walivyofanya kazi. Uso umeshughulikiwa nywele kwa nywele, wekundu wa ukingo wa jicho, kope, unyevu wa mdomo. Ukishuka shingoni, nguo ni mistari michache tu ya haraka. Mkubwa wa ukoo wa kifalme hakai saa nyingi mbele ya mchoraji. Anakaa mara moja, uso unanaswa, na vibao vya rangi hutengenezwa baadaye karakana kutokana na mchoro ule. Mchoro ndio uliokuwa negativu yao. Kutokana na huo mmoja zilitoka picha ya kutuma kwa shangazi, ya kutuma kwa balozi, na ya kutuma kwa mwanamume wa nchi ya mbali anayetafutiwa mke. Binti mkubwa, Elisabeth, aliozwa kwa mfalme Philip II wa Uhispania mwaka 1559 akiwa na miaka 14, akafariki 1568 akiwa na miaka 23. Marguerite aliolewa Agosti 1572 na Henri wa Navarre, mfalme Mprotestanti, na kabla ya wiki kwisha Paris ikawa imejaa maiti za Waprotestanti waliouawa.

Lakini lililonishika koo ni Catherine. Wazungu wanamsimulia kama mama wa sumu na fitina, mjane mwenye nguo nyeusi tangu mumewe Henri II afariki Julai 1559 kwa jeraha la mchezo wa mikuki. Sina ubishi na wanahistoria kuhusu siasa zake. Mimi nimemwona mama aliyezaa watoto kumi na kuzika watatu wangali wachanga. Yeye alizunguka nchi na mume wake pamoja na baraza, na watoto wakalelewa kwingine chini ya walezi. Mwaka 1552 aliandika barua akitaka watoto wake wote wachorwe, asiachwe hata mmoja, na kwa chaki, kwa sababu chaki inakwisha upesi. Alitaka kuona afya yao kwa macho yake. Hakungoja picha nzuri. Alitaka ifike haraka, kama mimi ninavyomlilia dada yangu Mombasa anitumie picha ya mwanangu akipata homa, hata iwe imetikisika.

Na michoro ile aliitunza. Alipofariki Januari 1589 ilikwenda kwa mjukuu wake, Christine wa Lorraine, akaenda nayo Florence alikoolewa. Baadaye ikafika Uingereza, na mwaka 1889 Duke wa Aumale akainunua na kuirudisha Ufaransa. Mkewe alikuwa amefariki, na wanawe wawili waliofikia ukubwa walikuwa wametangulia pia. Akaiachia Institut de France, taasisi ya wasomi wa nchi hiyo, kasri na vyote vilivyomo, kwa sharti kwamba kazi zake zisiazimwe kwenda kokote. Anayezitaka azifuate.

Njiani kurudi (nilipanda basi la bure) niliwaza albamu za kwetu. Sisi wa pwani picha za wanawake wetu hatuzianiki. Siku ya kupamba simu zinaachwa mlangoni, mpiga picha ni mwanamke, na picha zinakwenda mikononi mwa mama wa bibi arusi. Hilo ni jema na ninalitetea kila siku kwa wateja wanaotaka kila kitu kiende mtandaoni. Kinachoniuma ni kabati. Nyanya yangu alipigwa picha ya arusi studio, na sasa joto na unyevu vimeila nusu ya uso wake. Hakuna aliyepanga luksi wala kasha. Tumeficha bila kutunza.

Nikiwa Gare du Nord nilimpigia mama, nikamwomba aipeleke ile albamu dukani kwangu ikae kwenye kasha lisilo na asidi mpaka nirudi.

“Albamu haitoki ndani ya nyumba hii, mwanangu,” akasema. “Ukiitaka, njoo nayo hiyo mashine yako hapa.”

Skana yangu ina uzito wa kilo nne hivi. Nitaibeba Idi ikipita, na kasha nimeshanunua Paris, euro 18, ghali mno kwa karatasi ngumu.