Siku tuliyobishania jina la Mtumwa

Mwanangu wa mwanzo anaitwa Mtumwa. Kila nikilitaja jina lake mbele ya mtu asiyetujua naona uso unavyobadilika, wengine wanauliza tena "umesema nani?", na ndio hivyohivyo, Mtumwa, kwenye cheti na kwenye kila karatasi yake. Watu wengi wameniuliza na kila mmoja nimemjibu nusu nusu tu, leo nakaa niieleze ile siku yote.

Ilikuwa Januari 2010. Waliokuwepo Unguja wakati ule hawahitaji kukumbushwa, kisiwa kizima hakina umeme tangu Disemba, ule waya wa chini ya bahari unaotuletea umeme kutoka bara umeharibika, na tulikaa hivyo miezi mitatu mpaka Machi. Maji ya mfereji hakuna maana pampu zinataka umeme, watu ndoo kichwani, wenye jenereta wananunua mafuta, sisi wengine mishumaa na taa za chemli. Mie katikati ya hayo nimejifungua. Kwa hiyo siku ya saba mbuzi wa akika, sadaka ya mtoto mchanga, kachinjwa alfajiri na nyama yote ipikwe na iliwe na igaiwe siku hiyohiyo, hakuna friji ya kuwekea kitu, na ndo maana nyumba ilijaa watu kuliko ilivyotakiwa, jikoni tu kulikuwa na wanawake sijui wangapi na nusu yao wana fikra zao kuhusu jina la mtoto wangu.

Maana mpaka asubuhi ile jina lilikuwa bado. Mume wangu alikuwa na yake, Raudha, Nayla, Ikram, majina mazuri sikatai, lakini ukiita Nayla mtaani kwetu wanageuka wanne. Mie nilikuwa na jina moja tu tangu mimba changa, la bibi yangu mzaa mama, aliyenilea tangu sijaanza kutambaa mpaka naolewa. Bibi akiitwa Mtumwa.

Alikuwa akinihadithia kuwa utotoni kwake, upande wa Fumba, kina Mtumwa walikuwepo kadhaa, kama walivyokuwepo kina Kijakazi, Mize, Somoe, Kazija, Tatu na Mwanakhamis. Mie nimesoma skuli za serikali zenye madarasa yamejaa mpaka mlangoni na sikuwahi kukaa darasa moja na Mtumwa hata mmoja. Kina Fatma, Asha, Zuwena, Salma ndio usiseme. Kina Mtumwa niliowajua mie wote walikuwa vikongwe, na kila akizikwa mmoja jina linakwenda naye kwa sababu wajukuu hawalitaki, na hilo lilikuwa likiniuma zamani kabla sijafikiria hata kuolewa.

Basi pale ukumbini maalim kashafika, mtoto kashanyolewa, akauliza taratibu tu, jina nani. Mume wangu akanitazama mie. Nikasema Mtumwa.

Shangazi yake mume wangu, ambaye ndiye mkubwa wa upande wao na mtu ninayemheshimu sana, akaweka chini kikombe chake. Akasema "Mwanangu, jina gani hilo la kumpa mtoto katika zama hizi? Atakwenda skuli wenzake wamwite mtumwa we njoo, mtumwa we nenda, atajibu nini?" Halafu akashusha sauti akasema lile lililokuwa moyoni mwake hasa, kuwa hapa Zanzibar jina kama hilo linafukua mambo, watu wataanza kuulizana huyu ukoo wake ni upi, na sisi tumekaa vizuri hatujauliziwa.

Na siwezi kusema alikuwa anazua. Soko la watumwa hapa lilifungwa 1873 lakini utumwa wenyewe ukaendelea kisheria mpaka 1897, na masuria, wale wajakazi waliowekwa kinyumba na mabwana zao, hawakufikiwa na sheria mpaka 1909. Hiyo si zamani, hao ni mabibi wa mabibi zetu. Nyumba nyingi hapa, ukimuuliza mtu bibi yake mkubwa katoka wapi utaambiwa Shihiri, utaambiwa Shirazi, utaambiwa Ngazija, lakini aliyetoka Manyema au Nyasa au Uzigua hatajwi, kama vile hakuzaa.

Maalim naye, kwa upole kabisa, akakumbusha kuwa ni haki ya mtoto kupewa jina zuri, na kuwa Mtume (s.a.w.) aliwahi kubadilisha majina yenye maana mbaya, kuna binti alikuwa na jina lenye maana ya muasi akamwita Jamila. Hapo wengi wakaitikia, nikaona ninashindwa.

Nikajaribu na Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab. Nikawaambia huyo Siti mnayejivunia nyote, aliyezaliwa hukohuko Fumba kwenye miaka ya 1880, baba Mnyamwezi mama Mzigua, aliyekuwa akibeba vyungu kuja kuuza mjini mpaka sauti yake ikamtoa, akaenda Bombay 1928 kurikodi santuri wakati hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyewahi kufanya hivyo, jina alilopewa na wazee wake alipozaliwa lilikuwa Mtumwa. Wengine pale walikuwa hawajui. Lakini shangazi si mtu wa kushindwa kwa maneno, akanijibu palepale, "Na alipopata uwezo akaitwa nani? Siti! Hata mwenyewe halikumkaa."

Kweli, sikuwa na jibu.

Sasa muda wote huu tunabishana, mwenye jina yupo. Bibi amekaa pembeni juu ya mkeka, kaegemea ukuta, kanga kajifunika mpaka kichwani, anachambua tende. Hakuna aliyemuuliza, mie mwenyewe sikumuuliza, tulikuwa tunalizungumza jina lake kama mtu anayezungumza kiwanja cha mtu aliyesafiri. Maalim ndiye aliyemgeukia, akamwamkia tena, akamwambia "Bibi, na wewe tusaidie."

Bibi hakuwa msemaji. Lakini siku ile alisema, na nitayaandika kama nilivyoyasikia. Alisema mamaake kabla yake alizaa wawili na wote wakafa kabla ya arobaini. Alipozaliwa yeye mkunga akakataza vigelegele, akakataza mtu kumsifu. Akamchukua kichanga akamlaza nje karibu na jaa, jirani akapita kama anayepita njia zake, akamuokota, akamuuzia mamaake kwa pesa kidogo tu, za shaba. Wakamwita Mtumwa, ili hicho kinachochukua watoto wa nyumba ile kikija kione hapa hakuna mtoto wa mtu, kuna kitu cha kununuliwa tu, kipite. "Nimezaa saba," akasema, "na nimemzika mama kwa mikono yangu. Jina langu ni mapenzi ya mama. Sijapata kulionea haya hata siku moja."

Ukumbi kimya. Halafu akaendelea, na hili mie mwenyewe mjukuu wake nilikuwa silijui. Akasema wapo pia walioitwa hivyo kwa sababu ndivyo walivyokuwa. Bibi yake yeye, mzaa baba, aliletwa kutoka Manyema yu mtoto, hakumbuki jina la kijiji chao, na mpaka anakufa akiota anasema lugha ambayo nyumba nzima hakuna anayeielewa. "Huyo alikuwa mtumwa kweli, si jina. Na mie nimetoka kwake, na huyu hapa," akaonesha kwa kidole chumbani alikolazwa mtoto, "katoka kwake. Mkitaka jina jengine mpeni, mie sina neno. Lakini msilikatae kwa sababu yake yeye."

Shangazi alikuwa analia. Sitaki kumsema kwa ubaya hata kidogo, maana baadae sana, siku nyengine, aliniambia kuwa na wao walikuwa na bibi wa namna hiyo na walikatazwa kumtaja tangu wadogo. Siku ile hakusema hayo, alijifuta tu kwa ncha ya kanga.

Mume wangu ndiye aliyemaliza. Na mie ndo maana mpaka leo nampenda, hakunitazama wala hakumtazama shangazi yake, alimtazama maalim akasema mtoto anaitwa Mtumwa, tuombeeni dua. Maalim akafikiri kidogo akasema viumbe wote ni watumwa wa Mwenyezi Mungu, na tenzi za wazee zimejaa Tumwa, Tumwa, wakikusudia Mtume, kwa hiyo mkiweka nia njema hakuna tabu. Akanyanyua mikono. Mtoto kaletwa, Bibi kampakata, akamwambia "haya somo yangu, karibu," na jikoni vile vigelegele vilivyokatazwa siku ya Bibi vikapigwa mpaka majirani wakaja kuuliza kama umeme umerudi.

Pilau likaja, tukala kwa mwanga wa jua lililobaki maana magharibi ikiingia ndo basi. Shangazi alikula vizuri, akafungiwa na nyama ya kupeleka kwake. Alipokuwa anavaa buibui akanambia "Mimi mdomo wangu hautaweza, mie nitamwita Tumu." Nikamwambia shangazi mwite unavyotaka. Na ndo jina lililoshika, mtaa mzima hadi leo ni Tumu, wanaojua kuwa ni Mtumwa ni sisi na walimu wake.

Kesho yake saa moja asubuhi nasikia hodi, shangazi huyo, kaja na chupa ya mafuta ya nazi kumkanda mtoto, hata salamu hajamaliza anauliza Tumu kaamka?