Diski iliyodondoka kutoka juu

Wiki iliyopita kanijia binti mmoja hapa kibandani kwangu kwa ufundi, Chake Chake, Pemba, macho mekundu, mkononi kashika bakuli la plastiki limejaa mchele. Nikajua tu. Jamani hii habari ya mchele kukausha vitu vilivyoingia maji nani aliieneza? Mchele unapikwa, hautengenezi kitu! Ndani ya mchele kazika diski ya kompyuta, ile ya kuchomeka kwa waya, imeingia maji ya chumvi. Alikuwa Kiuyu kwenye mashamba ya mwani anachukua vipimo vya utafiti wake wa chuo, akateleza wakati anashuka kwenye ngalawa, mkoba ukaenda majini na yeye nusura. Miezi minne ya kazi imo humo. "Kaka, itapona?"

Sasa mie mtu akiniuliza hivyo namhadithia diski ya Columbia, jirani yangu muuza juisi keshaichoka, akisikia naanza tu anawasha blenda.

Columbia ilikuwa chombo cha anga cha Wamarekani, kinapanda kama roketi kinarudi kama ndege. Safari yake ya mwisho iliondoka Florida tarehe 16 Januari 2003, watu 7 ndani, na safari yenyewe ilikuwa ya utafiti mtupu, siku 16, majaribio kama 80 hivi. Walijigawa zamu mbili, hawa wakilala wale wapo kazini, saa 24. Walisoma moto unavyowaka kusiko na uzito, walijitoa damu na mkojo wenyewe wapimwe, Ilan Ramon wa Israeli alikuwa anapiga picha vumbi la jangwani linavyosafiri juu ya bahari, na msimamizi wa shughuli zote za sayansi alikuwa Michael Anderson, Mmarekani mweusi, mie huyu nampenda bure tu. Kulikuwa na Kalpana Chawla pia, mzaliwa wa Karnal kule India. Watu wakiisimulia safari hii wanarukia mwisho wake, lakini hawa wenzetu walipiga kazi siku 16, na kazi waliimaliza.

Tarehe 1 Februari, Jumamosi, walitakiwa watue Florida saa tatu na robo asubuhi ya kwao. Kwetu huku ni saa kumi na moja na robo jioni, mie nilikuwa bado wa skuli, tupo uwanjani tunacheza mpira, habari nikaja kuisikia usiku kwenye redio ya babu. Dakika 16 kabla ya kutua, chombo kikakatika vipande juu ya Texas. Hakupona mtu.

Chanzo chake ndo kinanikera mpaka leo. Sekunde 82 baada ya kuruka, kipande cha sponji gumu lile la kufunikia tangi la mafuta kilibanduka, hakifiki hata kilo moja, kikapiga ukingo wa bawa la kushoto kwa spidi ya kama kilomita 800 kwa saa. Wakati wa kurudi hewa ya moto mkali ikaingia kupitia hapo, na bawa kwa ndani ni alumini, alumini na moto ule wapi na wapi. Lakini kile kipigo kilionekana kwenye video kesho yake tu! Mainjinia wakaomba satelaiti za jeshi zipige picha lile bawa, ombi likazimwa na wakubwa. Sponji lilikuwa limeshabanduka safari nyingi za nyuma na vyombo vikarudi, basi watu wakalizoea. Tarehe 23 Januari wakawatumia imeili rubani na nahodha kuwa kuna kitu kiligonga lakini wasiwe na wasiwasi. Baadae tume ya uchunguzi ikaja kuona kwamba lau wangelijua mapema, kulikuwa na Atlantis, chombo chengine kama hicho, inatayarishwa kule chini, ingewezekana kujaribu kuwafuata, kwa tabu sana lakini ingewezekana. Tena kwenye majaribio ya Julai walichukua sponji kama lile wakalipiga kwenye kipande cha bawa kwa mzinga wa hewa, likatoboa tundu mtu unapitisha kichwa.

Haya, diski. Miezi kama sita baada ya ajali watu wakaokota kwenye bonde la ziwa lililokauka huko Texas kitu kimeungua, ilikuwa diski ya jaribio la gesi ya zenoni. Walikuwa wanataka kujua kama zenoni ukiikoroga inakuwa nyepesi, kama vile tomato inavyogoma kutoka kwenye chupa mpaka uitikise. Mpira wa kuzuia vumbi umeyeyuka, ndani michanga. Lakini sahani zake, zile za ndani zinazohifadhi data, hazijapinda, na kompyuta yake ilikuwa inatumia DOS, mfumo wa zamani wa kuendeshea kompyuta, ambao unapanga data pamoja hauzitawanyi ovyo, kwa hiyo fundi akazisafisha sahani kwa dawa akazihamishia kwenye diski nyengine, asilimia 99 ikasomeka. Matokeo yakachapishwa 2008. Na vijinyoo vya milimita moja moja vilivyokuwemo chomboni kwa utafiti, navyo walivikuta hai kwenye makopo yao wiki kadhaa baada ya kuanguka. Vijinyoo, wallahi.

Binti kanyamaza, halafu kaniuliza, "Kwa hiyo yangu itapona?"

Nikamwambia ukweli, ile ilipata moto na vumbi, yako imepata chumvi na siku tatu za mchele, na mie hapa na feni hii na vumbi la barabarani siwezi kuifungua, nitaimaliza. Nikampa namba ya mtu wa Dar mwenye chumba safi, kisichoingia vumbi, cha kufungulia diski. Bei yake alipoisikia akakaa kwenye kigoda.

Jana kanipigia, upepo unavuma kwenye simu simsikii vizuri. Yupo Kiuyu, anapima mwani upya, maji yametoka. Safari hii anaandika kwenye daftari. Nikamuuliza kwa peni? Akasema hapana kaka, penseli, wino ukiingia maji unatoka.