Waliponiambia kanisani hakuna kiziwi

Nina mzigo mmoja moyoni: mahubiri yafasiriwe kwa lugha ya alama, ili kiziwi alipate Neno akiwa ameketi pamoja nasi. Naamini ni Mungu aliyenitwika, maana nimejaribu kuutua mara nyingi ukakataa.

Nilipoanza kujifunza, walionivunja moyo walikuwa watu wangu. Shangazi, yeye aliyenifundisha kusali, aliniuliza, "Mwanangu, masikio unayo mazima, hayo ya viziwi unayatafutia nini?" Mzee mmoja wa kanisa akaniambia, tena kwa upole, kwamba ibadani kwetu hakuna kiziwi hata mmoja. Hilo liliniuma kuliko yote. Hawapo, ndiyo. Nani atakuja kukaa saa mbili nzima akitazama midomo ya watu ikichezacheza?

Ndipo nikakaa na kitabu cha Nehemia katika Biblia, yule aliyejenga upya ukuta wa Yerusalemu. Sura ya pili inasema alipofika Yerusalemu alikaa siku 3, kisha akatoka usiku na watu wachache kukagua kuta zilizobomoka, wala hakumwambia mtu yeyote kile Mungu alichomtia moyoni. Sisi ndoto ikitujia asubuhi, jioni ukoo mzima unayo, na bado hatujajua ukuta umebomoka wapi. Baadaye Tobia, mmoja wa waliopinga kazi hiyo, akamdhihaki kwamba hata mbweha akipanda, ukuta ule utaanguka. Nehemia hakubishana naye. Aliomba, na mara baada ya ombi tunasoma kwamba wakajenga. Sanbalati, mpinzani wake mwingine, na wenzake wakamwita wakutane, mara 4, naye mara zote 4 akajibu lile lile: anafanya kazi kubwa, hawezi kushuka. Ukuta ulimalizika kwa siku 52.

Lakini shangazi yangu si Sanbalati. Yeye anaogopa nisije nikapoteza muda na nguvu zangu, na hofu ya anayekupenda haijibiwi kwa ukali. Nimeacha kumshawishi. Namsalimu, namsikiliza, kisha narudi kwenye mazoezi.

Tena si kila neno gumu ni la kukukatisha tamaa. Mwalimu wangu, ambaye mwenyewe ni kiziwi, aliniambia mikono yangu inakwenda vizuri ila uso wangu umekufa. Katika lugha hii nyusi, macho na mdomo ni sehemu ya sarufi. Nikiuliza swali na uso umetulia, haijulikani kama nimeuliza. Nilirudi nyumbani nimeumia, lakini yeye alikuwa ananionyesha tundu la ukuta ili nilizibe. Wengine walitaka niache kujenga. Tangu hapo tofauti hiyo ndiyo ninayoipima kwanza mtu anaponipa maoni kuhusu wito huu.

Sasa dada mmoja kiziwi anakuja ibadani na mama yake, na tumewawekea viti upande wenye mwanga. Ninachomwomba Mungu ni mkalimani wa pili, kwa sababu mahubiri yakirefuka mikono inachoka na maneno yanaanza kuponyoka. Kama jambo hili limekugusa, njoo tujifunze pamoja. Tutaanza na uso.