Kumbe hata rubani anakatwa mshahara
Nyie mnaodhani marubani hawajui shida hebu sikieni, nimembeba mzee mmoja kwenye Uber hapa Atlanta nampeleka eapoti, kumbe alirusha ndege za Delta miaka mingi, foleni yote kanipigia stori ya 2004. Chama chao kilikubali kukatwa asilimia 32.5 ya mshahara, kampuni iokoe dola bilioni 1 kwa mwaka isifilisike. Weee, Septemba 2005 ikakimbilia mahakama ya mufilisi vilevile, 2006 wakakatwa asilimia 14 nyingine na mfuko wa pensheni ukavunjwa, ukaachiwa PBGC, shirika la serikali ya Marekani la bima ya pensheni, ambalo malipo yake yana kikomo.

Sasa hapa ndo niliposhika kichwa: sheria ya enzi hizo rubani ukifika 60 huruhusiwi tena kurusha abiria, na PBGC nao kwa kawaida ukianza kulipwa kabla ya 65 kikomo chako kinashuka. Yaani wanakutoa mapema halafu unakatwa kwa kutoka mapema, hiyo ingekuwa dhuluma jamani, afadhali sheria ya 2006 iliwahesabia marubani 60 badala ya 65.

Nikamuuliza mbona mlisaini basi, akacheka, eti msiposaini jaji wa mufilisi ana uwezo wa kuufuta mkataba wenu wote.