Nyumba ya wazee na mnara wa Wimpole

Nimerudi Unguja baada ya miaka mingi Uingereza, na wenzangu waliorudi wananiuliza swali lile lile: nyumba ya urithi Mji Mkongwe inamung'unyika, tuipige saruji? Msiipige. Tazameni kwanza mnara wa Wimpole, Cambridgeshire, Uingereza.

Ule ni pambo la bustani. Msanifu Sanderson Miller aliuchora mwaka 1749 kwa ajili ya Lord Hardwicke, mwenye shamba la Wimpole, ukajengwa karibu miaka 20 baadaye chini ya mbunifu wa bustani Capability Brown. Madirisha ni ya Kigothi, yamechongoka juu, na kuta zimeachwa nusu makusudi zionekane gofu la ngome. Ngome haikuwapo hata siku moja. Matajiri wa enzi hizo walipenda tu kutazama magofu wakiwa majumbani mwao.

Jiwe lake ni la jamii ya chaki, laini, kisu kinalikwangua. Jiwe la namna hiyo hunywa maji, na maji hayo hutoka nje kupitia viungo vya chokaa, yaani mistari ya chokaa kati ya jiwe na jiwe. Ukiviziba kwa saruji, maji yanalazimika kupita kwenye jiwe lenyewe: chumvi inaganda nyuma ya uso wake, baridi inagandisha maji, uso unabanduka. Ukuta uliokosewa hivyo utaujua: saruji imetokeza kama mbavu, mawe yameliwa katikati. Kwetu barafu hakuna, lakini chumvi ya bahari tunayo tele, na mawe ya matumbawe yanainywa vilevile.

Ukitengeneza, chimbua kiungo kibovu kwa patasi na nyundo, si kwa mashine ya kukatia, mpaka kina cha mara mbili ya upana wake, kisipungue milimita 25. Safisha vumbi, lowesha. Changanya chokaa iliyozimwa kwa maji na kukaa miezi mitatu au zaidi, sehemu moja kwa tatu za mchanga mkali, wenye chembe za kukwaruza. Mchanga wa pwani hapana, una chumvi. Shindilia kwa tabaka zisizozidi milimita 20, kisha funika kwa magunia mabichi siku kadhaa. Chokaa ikikaushwa na jua kabla haijashika inabaki unga. Fundi akitaka kutia saruji "kidogo tu ya kuimarisha", mkatalie.

Na paa litengenezwe kwanza. Likivuja, maji yanaingia kwa juu na chokaa yote hiyo ni kazi bure.