Siku ya kasino Las Vegas mkiwa wawili

Watu wengi wanaokwenda Las Vegas na wenza wao hupanga hoteli, maonyesho na chakula, halafu kasino wanaiachia bahati. Pesa nyingi hupotelea hapo. Kasino ina bei yake kwa saa, na bei hiyo mnaweza kuipiga hesabu mkiwa bado chumbani: dau, mara idadi ya michezo kwa saa, mara asilimia inayobaki kwa kasino.

Tuchukue dau la dola 15. Kwenye blakijeki (mchezo wa karata wa kuikaribia 21 bila kuizidi) yenye sheria nzuri, mkicheza kwa usahihi, kasino hubaki na takriban nusu ya asilimia 1. Kwa mikono 70 kwa saa, hiyo ni kama dola 5. Ruleti ya Kimarekani, yaani gurudumu la kimpira, ina vishimo 38, viwili vikiwa vya sifuri, na kasino hubaki na asilimia 5.26. Gurudumu likizungushwa mara 40 kwa saa, mnaacha hapo dola 31 na ushee. Siku hizi kuna meza zenye sifuri tatu, asilimia 7.69, hizo zipiteni tu. Za sifuri moja zipo pia, asilimia 2.70, ila dau la chini huwa kubwa.

Mashine za sloti ndizo ghali kuliko zinavyoonekana. Mtu anahesabu kwamba anacheza dola 1 tu, lakini kidole kinabonyeza mara 600 kwa saa. Mashine ikibaki na asilimia 10, hizo ni dola 60. Na mashine haikumbuki kitu: kila mzunguko unachaguliwa upya na programu, kwa hiyo ile iliyokaa muda mrefu bila kulipa haijakaribia kulipa.

Hizo zote ni wastani. Saa moja mnaweza kushinda 200 au kupoteza 200, ndiyo maana kila mmoja awe na bahasha yake. Dola 300 za meza kwa mtu kwa siku, dau likiwa 15, zinatosha. Bahasha ya mmoja ikiisha, asiazime kwa mwenzake. Kwa maoni yangu, hakuna kanuni inayookoa likizo ya wawili kuliko hiyo.

Asubuhi ndiyo wakati wa blakijeki, kwa sababu dau la chini hupandishwa jioni na wikendi. Kabla ya kukaa, soma maandishi kwenye kitambaa cha meza. Yakisema blakijeki, yaani 21 kwa karata mbili za kwanza, inalipa 3 kwa 2, kaa. Yakisema 6 kwa 5, ondoka. Kwa dau la dola 20, ya kwanza inakulipa 30 na ya pili 24, na tofauti hiyo pekee inaongeza karibu asilimia 1.4 kwa upande wa kasino. Pesa iweke juu ya meza. Mgawaji haruhusiwi kuipokea mkononi mwako. Atakupa chipu, vile vibao vya duara vinavyochezwa badala ya pesa: nyekundu ni dola 5, kijani 25, nyeusi 100. Karata zikiwa wazi mezani usiziguse. Gusa kitambaa kwa kidole ukitaka nyingine, punga kiganja ukitosheka. Kamera zinahitaji ishara hiyo, kwa hiyo kusema kwa mdomo hakutoshi.

Kadi ndogo yenye jedwali la uchezaji sahihi huuzwa kwenye maduka ya zawadi, na kwa kawaida unaruhusiwa kuitumia mezani. Mkiwa wageni, shikeni haya kwanza: ree mbili na nane mbili zigawe kila mara ziwe mikono miwili, kumi mbili usizigawe kamwe, jumla ya 12 hadi 16 isiyo na ree simama mgawaji akionyesha 4, 5 au 6, na 16 chukua karata akionyesha 7 na kuendelea. Bima, yaani dau la pembeni kwamba mgawaji ana blakijeki, ikataeni, hata mkiwa na mkono mzuri.

Poka ni jambo tofauti, kwa kuwa hapo mnacheza dhidi ya watu na kasino inachukua makato tu kwenye kila fungu la madau yaliyokusanywa katikati, mara nyingi asilimia 10 hadi kikomo cha dola chache. Jiandikisheni kwenye dawati la chumba cha poka, mtasubiri kuitwa. Mchezo wa mwanzo mara nyingi ni wa dola 1 na 3, yaani madau mawili ya lazima kabla ya karata kuonekana. Ingia na dola 300. Ukiingia na kiwango cha chini kabisa, labda 100, mkono mmoja mbaya unakumaliza.

Sasa la wawili: ombeni meza tofauti. Mume na mke wasiopandishiana dau wanawapunja wengine wote mezani, na kanuni zinakataza hilo hata kama hamkupanga. Mkikaa pamoja, mpigane kama wageni. Mkono ukiendelea, lugha ni Kiingereza tu. Mkibadilishana neno moja la Kiswahili, hata la kuulizana mtakula wapi, mgawaji atawaonya, kwa sababu hana njia ya kujua hamkutajiana karata. Aliyesimama nyuma ya mwenzake hashauri chochote. Na chipu zilizo mezani haziondoki mpaka mwenyewe aondoke, kwa hiyo aliyeshinda hawezi kumpunguzia mwenzake aliyeishiwa.

Kosa linalowagharimu wageni ni la chipu moja. Mtu mbele yako ameweka dola 6. Una karata nzuri, unarusha chipu moja ya kijani katikati ukidhani umepandisha hadi 25. Kwa kuwa hukusema neno, umefuata 6 tu, na mgawaji atakurudishia chenji. Tamka kwanza unapandisha hadi ngapi, kisha weka zote kwa mpigo mmoja. Ukiweka kidogo, ukarudi kuchukua nyingine, nyongeza itakataliwa. Ukishatamka umejifunga. Na weka chipu moja juu ya karata zako, la sivyo mgawaji anaweza kuzikusanya pamoja na zilizotupwa, na ukishapoteza karata hivyo hakuna anayekurudishia.

Vinywaji ni bure kwa anayecheza, mhudumu hupewa dola 1 au 2. Mimi ningebaki na maji hadi poka iishe.

Bebeni pasipoti, umri ni miaka 21. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania asiye mkazi wa Marekani akipata jakipoti kubwa kwenye sloti, hukatwa kodi ya asilimia 30 palepale. Ushindi wa kawaida wa blakijeki, ruleti, krapsi (mchezo wa dadu) na bakara (mchezo wa karata) haukatwi kodi hiyo kwa mgeni.

Mkiondoka mezani, mwambie mgawaji akubadilishie chipu ndogo kuwa kubwa, kisha nendeni kwa keshia siku hiyohiyo. Chipu za kasino moja kwa kawaida hazipokelewi kwingine, na anayetoka Marekani na zaidi ya dola 10,000 taslimu lazima azitolee taarifa kwa forodha.